Ahadi za Mataifa Mbele ya Hakimu wa Nyumbani

Septemba 1960 kampuni ya uchukuzi ya Uholanzi, Van Gend en Loos, iliingiza kwao shehena ya kemikali ya kutengenezea gundi kutoka Ujerumani Magharibi. Forodha ikatoza ushuru wa asilimia 8. Kampuni ilipinga kwa hoja fupi: Mkataba wa Roma ulipoanza kutumika mwaka 1958 bidhaa hiyo ilitozwa asilimia 3, na ibara ya 12 ya mkataba ilizikataza nchi sita wanachama kuongeza ushuru zilizokuwa zikitozana. Hakuna aliyepandisha ushuru waziwazi. Bidhaa ilihamishwa tu kutoka fungu moja la orodha ya ushuru kwenda fungu jingine, na tofauti ikajitokeza kwenye hesabu. Shauri lilifika kwenye baraza la rufaa za kodi mjini Amsterdam, nalo likasita. Aliyeahidi kutopandisha ushuru ni Ufalme wa Uholanzi. Walioahidiwa ni Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxembourg na Ujerumani Magharibi. Kampuni haikuahidi wala haikuahidiwa. Basi baraza likaipelekea Mahakama ya Jumuiya za Ulaya swali ambalo kwa sura ni la sheria na kwa undani ni la falsafa: dola zikiahidiana jambo linalomgusa mtu ambaye hakuwepo mezani, mtu huyo anaweza kusimama mbele ya hakimu wa kwao na kuidai ahadi ile kama haki yake?

Jibu la mazoea ni hapana, na jibu hilo lisidharauliwe. Ahadi humfunga aliyeitoa na humfaa aliyepewa. Jirani aliyeisikia dirishani hana dai. Kwa karne nyingi mikataba ya kimataifa ilifikiriwa hivyo: mapatano ya wakuu, ambayo mvunjaji wake hupata hasara ya heshima au hata vita, lakini hapati hukumu ya hakimu wa mjini. Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, zilirithi pia kanuni kwamba mkataba uliotiwa saini na serikali hauwi sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria. Kanuni hiyo ina sababu nzuri. Bila yake, rais au waziri angeweza kubadili sheria za nchi kwa kalamu yake akiwa ugenini, wananchi wakaja kusikia mambo yamekwisha. Serikali za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zilikwenda kuomba Mahakama isiwape watu haki hiyo. Hata Karl Roemer, aliyekuwa na kazi ya kuwapa majaji maoni ya kisheria kabla hawajaamua, aliwashauri wakatae. Tarehe 5 Februari 1963 majaji wakaamua vingine: mkataba ule haukuzifunga dola peke yake, bali ulianzisha utaratibu mpya wa sheria ambao watu wenyewe ni wahusika wake, na ibara iliyo wazi, isiyo na sharti, isiyongoja serikali ichukue hatua nyingine, humpa mtu haki ambayo mahakama za nchi yake hazina budi kuilinda.

Mimi nasimama upande wa hukumu hiyo, ingawa naona majaji waliegemea mno kwenye upya wa Jumuiya yao, kana kwamba wazo lile lilizaliwa Roma. Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1928 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, iliyokuwa The Hague, iliulizwa kuhusu wafanyakazi wa reli wa mji huru wa Danzig waliohamishiwa kwenye utumishi wa reli za Poland. Poland na Danzig zilikuwa zimepatana juu ya masharti ya kazi ya watu hao. Walipodai stahiki zao za fedha katika mahakama za Danzig, Poland ilijibu kwamba mapatano yale ni ya serikali mbili, na kwa kuwa haikuyaingiza katika sheria zake, wafanyakazi hawakupata kitu ndani yake. Mahakama ilisema mambo mawili. La kwanza, hakuna kinachozuia dola kukusudia, kwa mkataba wao, kuwapa watu haki ambazo mahakama za ndani zitazitekeleza. Usomwe mkataba, ionekane walikusudia nini. La pili lina uzito zaidi kwangu: Poland haikuweza kujikinga kwa wajibu ambao yenyewe ilishindwa kuutimiza. Serikali inayosema "sheria hii haiko kwenye vitabu vyetu", ilhali ni yenyewe iliyoapa kuiweka humo, inajitetea kwa kosa lake.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ahadi inayotolewa kwa ajili ya mtu ina pande tatu: aliyeahidi, aliyeahidiwa, na yule ambaye ahadi isipotimizwa maumivu ni yake. Hugo Grotius alikwisha kutafakari ahadi za faida ya mtu wa tatu katika kitabu chake cha mwaka 1625, kwa hiyo si jambo geni. Sasa tuulize: ahadi ikivunjwa, nani atasema? Aliyeivunja hatajishtaki. Dola zilizoahidiwa zinaweza kusema, lakini kila moja ina ahadi zake ilizozikanyaga, na kila moja ina mambo mengine inayoyataka kwa mwenzake: njia ya bandari, mkopo, kura katika kikao kijacho. Huko Ulaya nchi moja inaruhusiwa kuishtaki nyingine mbele ya Mahakama ya jumuiya iliyoko Luxembourg, na kwa zaidi ya miaka sitini imetokea kwa nadra sana. Kwetu, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unatoa ruhusa kama hiyo katika ibara ya 28. Lakini mashauri yaliyoijenga Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, yamefunguliwa na watu binafsi, vyama vya wanasheria na mashirika ya kiraia. Kwa hiyo anayesema kwamba dola peke yake ndizo ziidai ahadi, kwa kweli anasema isidaiwe. Wenye ruhusa ya kusema wana sababu ya kunyamaza, na mwenye sababu ya kusema amefungwa mdomo.

Na kwa nini hakimu wa nyumbani, asiwe jaji wa jumuiya peke yake? Kwa sababu serikali huweza kuipuuza hukumu ya mbali na kuiita ya wageni, wala hakuna wa kuigusa. Hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi ina dalali wa mahakama, ina amri za kukamata mali, ina majaji ambao serikali hiyo hiyo inawahitaji kila siku ili kodi zilipwe na wezi wafungwe. Serikali ikianza kuzidharau mahakama zake, inakata tawi ililokalia. Hii ndiyo maana ya ndani ya shauri la Van Gend en Loos, na sidhani ilikuwa bahati kwamba majaji walitaja pia kwamba macho ya watu wanaolinda haki zao ni usimamizi wa ziada juu ya serikali. Mtu anayedai haki yake ya asilimia tano anafanya, bila kutumwa, kazi ambayo wakaguzi wa jumuiya nzima wasingeimaliza.

Pingamizi kubwa ni la mamlaka ya nchi na ya wapiga kura wake. Lilijitokeza wazi Italia. Mwaka 1962 Bunge la nchi hiyo lilitaifisha umeme. Wakili mmoja wa Milano, Flaminio Costa, aliyekuwa na hisa katika kampuni mojawapo iliyotaifishwa, akakataa kulipa ankara ya lira 1,925, akidai kwamba sheria ya kutaifisha ilikiuka Mkataba wa Roma. Mahakama ya Katiba ya Italia ilisema Machi 1964 kwamba sheria iliyotungwa baadaye huishinda iliyotangulia, hata kama iliyotangulia ndiyo iliyoridhia mkataba. Julai mwaka huohuo Luxembourg ikasema kinyume: sheria ya jumuiya haiwezi kufutwa na sheria ya nchi moja bila jumuiya yenyewe kupoteza msingi wake. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: Bunge lililochaguliwa na mamilioni ya Waitalia linapindwaje na majaji saba ambao hakuna Mwitalia aliyewapigia kura, kwa ombi la mtu mmoja asiyetaka kulipa ankara?

Jibu langu ni kwamba katika mgogoro huo Bunge liko pande zote mbili. Lilisema mwaka 1957 liliporidhia mkataba, likasema tena mwaka 1962. Katiba ya Tanzania, kwa mfano, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba katika ibara ya 63, maana yake mkataba ulioridhiwa una sauti ya wananchi ndani yake, sawa na sheria nyingine. Hakimu anayeutekeleza hachukui upande wa wageni dhidi ya wapiga kura. Anachagua neno ambalo nchi ililitoa kwa wengine, na ambalo wengine walilitegemea, badala ya neno ililojisemea yenyewe baadaye. Nchi iliyobadili nia ina njia mbili halali: kwenda mezani kuomba mkataba urekebishwe, au kutoka. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020 baada ya kura ya wananchi, na yeyote apendaye demokrasia anapaswa kukiri kwamba hiyo ilikuwa njia ya wazi. Isiyo halali ni njia ya tatu: kubaki ndani, kula matunda ya ahadi za wenzako, na kuitafuna ya kwako kimyakimya. Hiyo ndiyo njia anayoiziba hakimu.

Hata hivyo pingamizi haliishi hapo, na sitaki kulipita haraka. Si kila sheria ya jumuiya ina sauti ya wananchi kwa kiasi kilekile. Nyingine hutungwa na mawaziri faraghani. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ililiona hilo: mwaka 1974 ilisema itaendelea kuzipima sheria za Ulaya kwa haki za msingi za Wajerumani maadamu Ulaya yenyewe haina ulinzi unaolingana nazo; na mwaka 1986, baada ya kuona Luxembourg imejenga ulinzi huo, ikasema haitazipima tena maadamu ulinzi unadumu. Nauona msimamo huo kuwa wa busara kuliko utii mtupu na kuliko uasi. Unaitaka jumuiya istahili utii inaoudai. Na unatufundisha kwamba nguvu ya sheria ya jumuiya mbele ya hakimu wa nyumbani haitokani na ukubwa wa jumuiya hata kidogo. Inatokana na uadilifu wa ahadi: iwe imetolewa kihalali, iwe wazi, na isimvunjie mtu haki ambazo katiba yake ilikwisha kumhakikishia.

Pingamizi la pili husemwa kwa uchungu zaidi: kwamba haki hizi ni za wafanyabiashara wenye mawakili. Ni kweli kwamba ya kwanza ilikuwa kampuni. Lakini tazama kilichofuata. Gabrielle Defrenne alikuwa mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena la Ubelgiji, ambalo wahudumu wake wa kike walilipwa chini ya wanaume waliofanya kazi ileile, na kazi yao ikakoma wakifika miaka 40. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Roma iliahidi malipo sawa kwa kazi sawa, na kwa nchi sita za mwanzo muda wa kutimiza ulikuwa umefika mwanzoni mwa 1962. Serikali zilifanya nini? Zilikutana mwishoni mwa Desemba 1961 zikapitisha azimio la kujiongezea muda mpaka mwisho wa 1964. Wadaiwa walikaa wakasogeza tarehe ya kulipa bila kumwuliza mdai. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ilisema azimio lile halikuweza kubadili mkataba, na kwamba ibara ya 119 inaweza kudaiwa mbele ya mahakama za nchi, hata dhidi ya mwajiri. Hakuna mwanadiplomasia aliyekuwa akimsemea mwanamke huyo. Hukumu yenyewe ina doa: Uingereza na Ireland zilionya juu ya gharama, na Mahakama ikakubali kwamba madai ya miaka ya nyuma yasikilizwe kwa wale tu waliokuwa wamekwisha kufungua mashauri. Wanawake walionyamaza kwa sababu waliambiwa hawana haki wakapoteza haki hiyo kwa kunyamaza. Silioni hilo kuwa la haki, na hofu ya bajeti si hoja ya sheria.

Lipo pia doa kubwa zaidi ambalo nadharia yenyewe haijalifuta. Sehemu kubwa ya sheria za Ulaya hutolewa kama maelekezo ambayo kila nchi hutakiwa kuyatungia sheria zake kwa muda uliopangwa. Nchi ikichelewa, mtu anaweza kuyategemea dhidi ya serikali, kwa sababu ileile ya Danzig: asiyetimiza wajibu asifaidi. Lakini je, dhidi ya mtu binafsi ambaye hakuchelewesha chochote? Mwaka 1986, katika shauri la Bi Marshall, mtumishi wa mamlaka ya afya nchini Uingereza aliyestaafishwa akiwa na miaka 62 wakati wanaume waliruhusiwa mpaka 65, Luxembourg ilimpa haki kwa kuwa mwajiri wake alikuwa chombo cha dola, ikaongeza kwamba maelekezo hayamfungi mtu binafsi. Mwanamke wa hospitali ya kampuni, mwenye kazi ileile na umri uleule, angetoka mikono mitupu. Ninaielewa sababu ya kimantiki. Bado matokeo yake ni kwamba wawili waliodhulumiwa sawa wanatofautishwa na jina la mlipaji wa mshahara. Tiba ilikuja nusu tarehe 19 Novemba 1991. Italia ilikuwa imepuuza maelekezo ya mwaka 1980 ya kulinda mishahara ya wafanyakazi ambao waajiri wao wamefilisika. Wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa wakaishtaki serikali. Mahakama ikasema kwamba maelekezo hayakumtaja kwa uwazi wa kutosha nani alipe, kwa hiyo yasingeweza kudaiwa yenyewe, lakini dola iliyosababisha hasara kwa kutotimiza wajibu wake italipa fidia, na italipishwa na mahakama zake yenyewe. Kwa kumlipisha aliyevunja ahadi, hukumu hiyo imelitendea swali letu haki zaidi kuliko hukumu nyingi zilizoitangulia.

Afrika Mashariki inakuja kwenye swali hili ikiwa na uzoefu wake. Kabla Jumuiya ya sasa haijazaliwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, aliamua mwaka 1990 shauri la Bi Holaria Pastory wa Kagera. Bibi huyo alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yafutwe, kwa kuwa mila ya Kihaya, iliyokuwa imeandikwa rasmi mwaka 1963, haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda huko, akashindwa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akakata rufaa. Jaji alitumia haki za binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba, na kando yake akaisoma mikataba ambayo Tanzania iliiridhia, ukiwemo wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake. Ilikuwa mikataba ya kimataifa, isiyo na mahakama ya jumuiya nyuma yake, na jaji aliitumia kuangazia Katiba, si kama sheria inayosimama peke yake. Lakini msingi ulikuwa huohuo: nchi iliyoahidi ugenini kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume isije ikamwambia bibi wa Muleba vinginevyo. Mwanamume mwenye shamba la ukoo na bibi mwenye shamba la ukoo wakapewa haki moja ya kuuza. Bibi huyo hakuwa mfanyabiashara wa kimataifa.

Jumuiya yetu ilichagua njia yake. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda moja kwa moja Arusha kupinga sheria au kitendo cha nchi, bila kupitia kwanza mahakama za ndani. Ni mlango mpana kuliko alionao mtu wa kawaida Luxembourg, na umetumika vizuri. Samuel Mohochi, wakili wa Kenya, alitua Entebbe Aprili 2011 akiwa katika ujumbe wa wanasheria, akazuiwa, akapewa karatasi inayomwita mhamiaji aliyepigwa marufuku, akarudishwa Nairobi siku hiyohiyo bila kuambiwa kosa. Uganda ilijitetea kwa mamlaka yake ya kuamua nani aingie. Mei 2013 Mahakama ilijibu kwamba mamlaka hayo, kwa raia wa nchi wanachama, yana mipaka ambayo Uganda yenyewe ilijiwekea ilipoingia katika Mkataba na Itifaki ya Soko la Pamoja. Hoja hiyo ni ileile niliyoitoa juu ya Italia: nchi haikunyang'anywa chochote, ilikumbushwa ilichokitoa.

Lakini mlango mpana una kizingiti kirefu. Marekebisho yaliyotiwa saini Desemba 2006, upesi baada ya Mahakama kusimamisha kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, yaliweka muda wa miezi miwili tu wa kufungua shauri. Mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa kililitupa shauri lililohusu mauaji na mateso ya Mlima Elgon kwa sababu ya muda huo, bila kufika kwenye kiini chake. Mtu aliyeteswa, mwenye ndugu wa kuzika na majeraha ya kuuguza, anaambiwa amechelewa. Kwake mahakama za nchi, zenye muda mrefu zaidi na zilizo karibu, ndizo tegemeo la kweli. Na hapa mwaka 2015 ilitokea hukumu ambayo sikubaliani nayo. Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri la Kyahurwenda, ilikuwa ya kwanza kutumia ibara ya 34 kuiuliza Arusha juu ya Mkataba. Arusha ilijibu kwamba kuutafsiri Mkataba ni kazi yake peke yake. Mahakama za nchi zinautekeleza tu.

Naielewa hofu iliyo nyuma ya jibu hilo: nchi kadhaa, leo nane, mahakama mamia, na kila hakimu na maana yake. Lakini hakuna anayeweza kutekeleza asichokielewa, na kuelewa ni kutafsiri. Zaidi ya hapo, Mkataba wenyewe unasema vingine. Ibara ya 33 inasema uamuzi wa Mahakama ya Arusha juu ya tafsiri na utekelezaji wa Mkataba utatangulia mbele ya uamuzi wa mahakama za nchi kuhusu jambo kama hilo. Sentensi hiyo haina kazi yoyote kama mahakama za nchi hazipaswi kuamua jambo kama hilo kamwe. Nayo ibara ya 34 inamwachia hakimu wa nchi apime kama jibu la Arusha ni la lazima ili aweze kuamua. Umoja wa tafsiri unapatikana kwa mahakimu kuuliza wanapotatizika na kwa Arusha kuwa na neno la mwisho. Ukimtia hakimu hofu kwamba kila ibara aigusayo amevuka mipaka, hatauliza zaidi. Ataliacha kando suala la Mkataba na kuamua kwa sheria anazozizoea.

Kwa nini jambo hili liwe la haraka? Kwa sababu tumekwisha kuona kinachotokea sheria ya jumuiya inapokuwa na nyumba moja tu. Novemba 2008 Baraza la Mahakama la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Windhoek, liliamua kwamba Zimbabwe iliwanyang'anya wakulima mashamba bila fidia, bila kuwaruhusu kwenda mahakamani, na kwa ubaguzi. Madai ya ardhi ya Wazimbabwe weusi yalitokana na dhuluma ya kweli ya kikoloni, na sitaki yasahauliwe. Ila njia iliyotumika ndiyo iliyohukumiwa. Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilikataa kuisajili hukumu hiyo Januari 2010. Agosti mwaka huo wakuu wa nchi wakalisimamisha Baraza, na mwaka 2012 wakaamua lisisikilize tena watu, bali dola peke yake. Waliofungiwa mlango hawakuwa wakulima wale tu. Walikuwa watu wote wa kanda, Watanzania na Wakongo wakiwemo. Vivyo hivyo Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliondoa tamko lililowaruhusu watu kwenda huko wenyewe. Mahakama ya juu inaweza kufungwa kwa kikao kimoja au barua moja. Lakini kipande kimoja cha hukumu ya Windhoek kiliendelea kuishi: mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikubali amri ya gharama dhidi ya Zimbabwe itekelezwe nchini humo, na mwaka 2015 nyumba ya serikali ya Zimbabwe mjini Cape Town ikapigwa mnada. Baraza lilikuwa limekwisha kuzimwa. Aliyeiokoa amri yake ni hakimu wa nchi.

Atakayesema kwamba mahakimu wetu hawajafundishwa sheria ya Jumuiya anasema kweli, nao mawakili hawaiandiki kwenye hati za madai, kwa hiyo hakimu haisikii. Hilo linarekebishwa kwa kuanza, maana hata baraza la Amsterdam halikuwa na kitabu cha kulielekeza. Malighafi ipo. Ibara ya 54 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi zihakikishe kwamba mtu aliyevunjiwa haki zake chini ya Itifaki anapata nafuu kwenye vyombo vya ndani, hata kama aliyezivunja ni ofisa wa serikali. Ibara ya 10 inakataza mfanyakazi kutoka nchi mwanachama abaguliwe katika malipo kwa sababu ya uraia wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 2, inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mhandisi Mganda anayelipwa Nairobi chini ya Mkenya wa kazi ileile, kwa kuwa tu ni Mganda, anaweza kuziandika ibara hizo tatu kwenye madai yake katika Mahakama ya Ajira na Kazi. Mwajiri atauliza kama Itifaki ya dola inamfunga yeye aliye mtu binafsi, na ni swali zuri, kwani Luxembourg ililijibu kwa njia mbili kwa Defrenne na kwa Marshall. Jaji akiona shaka, ibara ya 34 inamwonyesha pa kuuliza, na shauri linabaki lake kuliamua.